Upinde Uliopotea: Fikra ya Umma katika Siasa ya Wachina

Inasimuliwa katika kitabu kimoja cha kale cha Uchina kwamba mtu wa nchi ya Jing alipoteza upinde wake, naye hakutaka kurudi kuutafuta. Alipoulizwa sababu alijibu kuwa aliyeupoteza ni mtu wa Jing na atakayeuokota ni mtu wa Jing. Basi kuna haja gani ya kuutafuta? Habari hizo zikamfikia Confucius, naye akasema kuwa jibu lile lingekuwa bora zaidi kama jina la Jing lingeondolewa. Mtu amepoteza, mtu ataokota. Kisha zikamfikia mzee Lao Dan, ambaye wengi humjua kwa jina la Laozi. Yeye akasema kuwa hata hilo neno "mtu" lingefaa kuondolewa.

Kisa hiki kimo katika kitabu kilichotungwa na wanazuoni waliokusanywa na Lü Buwei, waziri mkuu wa dola ya Qin, yapata mwaka 239 kabla ya Kristo. Sura kilimowekwa inasifu jambo moja tu, nalo Wachina huliita "gong". Tukitaka kulitia neno hilo katika Kiswahili, hatuna budi kutumia maneno kadhaa: umma, hadhara, ya wote, na wakati mwingine haki isiyopendelea.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna swali ambalo kila taifa hujiuliza, litake lisitake. Mtu asemapo "hiki ni chetu sote", hao sote ni akina nani? Wa Jing wanaishia mpakani mwa Jing. Wanadamu nao wana mpaka wao, ambao mzee Lao Dan aliukataa. Wachina wamelitafakari swali hilo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, kwa vitabu na kwa mashamba, kwa sheria na kwa vita. Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya majibu yao, na kuonyesha kwamba ubinafsi ulio uchi haujaudhuru umma kama ubinafsi uliovaa joho la umma.

Maana ya neno

Kinyume cha "gong" ni "si", neno ambalo msomaji asilichanganye na "si" yetu ya kukanusha. Kwa Wachina "si" ni kilicho changu, cha pembeni, cha kujipendelea. Han Fei, mwanafikra wa sheria na dola aliyefariki mwaka 233 K.K., alieleza kuwa mbunifu wa maandishi hapo kale alichora "si" kama kitu kinachojizungushia chenyewe. Kisha akachora "gong" kwa kuongeza juu yake alama ya kukipa kisogo kile kinachojizungushia. Kamusi ya Xu Shen, iliyoandikwa yapata mwaka 100 baada ya Kristo, ikatoa maana nyingine: "gong" ni kugawa sawasawa. Hapa tayari tunaona maoni mawili. Mmoja asema umma ni kuipa nafsi kisogo. Mwingine asema umma ni kila nafsi kupata fungu lake.

Lakini neno hilo lilikuwa na maana ya tatu, nayo ni ya zamani zaidi. "Gong" lilikuwa jina la cheo cha bwana mkubwa, na mambo ya "gong" yalikuwa mambo ya jumba lake. Mencius, aliyeishi katika karne ya 4 K.K., alieleza mpango wa mashamba aliouhesabu kuwa wa kale. Eneo la ardhi hukatwa mafungu tisa, mfano wa alama ya kisima katika maandishi ya Kichina. Jamaa nane hupewa fungu moja moja la pembeni. La katikati ni la "gong", nalo hulimwa na wote kwanza, kabla mtu hajashika jembe kwenda kwake. Wanahistoria hubishana kama mpango huo ulikuwapo kweli au ulikuwa tamanio tu. Kwa shabaha yetu yatosha kuuliza mavuno ya fungu la katikati yalikwenda kwa nani. Yalikwenda kwa mtawala. Basi shamba la wote lilikuwa pia shamba la bwana, na neno moja lilibeba bwana, haki, na wote, kama mtumbwi uliopakia abiria watatu wasioaminiana.

Katika kitabu cha kale cha taratibu za ibada na adabu mna maelezo ya zama za heri ambapo kila kilicho chini ya mbingu kilikuwa cha wote. Wakati huo, yasemwa, viongozi walichaguliwa kwa wema na uwezo. Watu hawakuwapenda wazazi wao peke yao wala watoto wao peke yao. Wazee, wajane, mayatima na wagonjwa walitunzwa, na milango haikufungwa usiku. Kisha ikaja zama ambapo kila mtu alishika nyumba yake, na nchi ikawa ya ukoo mmoja unaorithishana. Picha hiyo iliwakaa Wachina moyoni kwa vizazi vingi, kama kumbukumbu kwa wengine na kama ahadi kwa wengine.

Baba, mwana na kondoo

Ni rahisi kuusifu umma mpaka ndugu yako abishe hodi. Wanazuoni wa Uchina walilijua jambo hilo, na kwa hiyo visa vyao vizito kuliko vyote vinahusu baba na mwana.

Cha kwanza ni cha kondoo. Mtawala mmoja alijisifu mbele ya Confucius kwamba katika nchi yake yuko mtu mnyofu kiasi ambacho baba yake alipoiba kondoo, yeye mwenyewe alitoa ushahidi. Confucius akajibu kuwa kwao unyofu ni tofauti: baba humsitiri mwana na mwana humsitiri baba, na unyofu umo humo humo. Cha pili ni cha Fu Dun, kiongozi wa wafuasi wa Mozi waliokaa Qin. Mwanawe aliua mtu. Mfalme akamhurumia kwa uzee wake na kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine, akaamuru kijana asiuawe. Fu Dun akaikataa rehema ile, kwa kuwa sheria ya wafuasi wake ilikuwa kwamba auaye huuawa, naye akamtoa mwanawe. Kitabu cha Lü Buwei kinamsifu kuwa ni mtu wa "gong".

Sisi tuliokaa katika viti vya ofisi kwa miaka mingi hatuvisomi visa hivi kama hadithi za nchi ya mbali. Tunakumbuka asubuhi moja, tulipokuwa tungali wachanga kazini, shangazi yetu alipofika ofisini na bahasha yenye barua ya mwanawe ya kuomba kazi. Nafasi ilikuwa moja na waombaji walikuwa wengi. Shangazi huyo ndiye aliyetulipia karo ya kidato cha kwanza kwa kuuza mbuzi wake wawili. Hakutoa rushwa wala hakutaja kitu chochote. Alikaa tu, akauliza habari za watoto, akaiacha bahasha mezani. Alipoondoka tuliichukua barua ile tukaiweka juu ya nyingine zote. Hatukumwambia mtu neno; tuliiweka juu tu. Kijana akapata kazi, wala hakuwa mbaya kazini. Lakini hadi leo hatujui ile barua iliyokuwa juu kabla ya yake ilikuwa ya nani.

Je, tulikuwa wafuasi wa Confucius? Tulijiambia hivyo siku nyingi: damu nzito kuliko maji. Kwa hakika hatukuwa. Confucius alizungumza juu ya mwana aliyesimama kama mwana, asiye na muhuri wa serikali mkononi. Jawabu la hali yetu liko kwa Mencius, ambaye mwanafunzi wake alimtega kwa swali. Alimwuliza: kama Shun, yule mtawala mwema wa kale, yuko kitini, na baba yake akaua mtu, ingekuwaje? Mencius akajibu kuwa hakimu angemkamata baba huyo, na Shun asingekuwa na uwezo wa kumzuia hakimu, kwa kuwa hakimu anafanya kazi aliyokabidhiwa. Basi Shun angefanya nini? Angeuacha ufalme kama mtu anavyotupa makubadhi makuukuu, ambebe baba yake mgongoni kwa siri, wakimbilie pwani ya bahari, na waishi huko kwa furaha, ufalme usahaulike.

Wengi huchekeshwa na jibu hilo, na wengine huudhika, kwa kuwa mwuaji ameponyoka. Ubishi huo ni halali. Lakini tazameni mpangilio wa matendo. Shun anaacha kiti kwanza, ndipo anambeba baba. Mgongo unaombeba baba ni mgongo wake mwenyewe. Hakutumia mkono wa umma kuifanya kazi ya nyumbani kwake, na alilipa kwa kila alichokuwa nacho. Sisi asubuhi ile tulitaka vyote viwili, kiti na shangazi, na gharama akailipa mtu mwingine ambaye hatukumwona uso.

Mtawala na mali yake

Hatari hii inapomfika karani, inamdhuru mwombaji mmoja. Inapomfika mtawala, inadhuru nchi nzima. Mwaka 221 K.K. mfalme wa Qin aliziunganisha dola zilizokuwa zikipigana, akaweka mizani ya namna moja, vipimo vya namna moja na maandishi ya namna moja. Mizani iliyo moja kwa tajiri na maskini ni "gong" iliyo bora. Lakini mkono ulioshika mizani hiyo ulikuwa wa mtu mmoja, na nasaba yake haikudumu hata miaka ishirini. Baada yake alikuja Liu Bang, mtu wa kawaida aliyeasisi nasaba ya Han. Wanahistoria wa Uchina wameandika kuwa katika karamu alinyanyua kikombe mbele ya baba yake, akamkumbusha kwamba zamani alimwona mvivu asiyejua kuchuma kama kaka yake. Kisha akamwuliza, je, sasa mali ya nani ni kubwa zaidi? Wakuu waliokuwapo wakashangilia na kucheka.

Kicheko hicho kilimchoma mwanazuoni mmoja baada ya miaka elfu moja na mia nane hivi. Jina lake ni Huang Zongxi, aliyezaliwa mwaka 1610. Baba yake alikuwa ofisa mnyofu aliyefia gerezani mwaka 1626 kwa kuwapinga wakubwa wa jumba la mfalme waliotumia dola kwa faida yao. Nasaba ya Ming ilianguka mwaka 1644, Huang akapigana upande wa walioshindwa, kisha akarudi kwenye vitabu. Karibu mwaka 1663 alimaliza kitabu kidogo chenye maneno makali kuliko yote yaliyopata kuandikwa huko juu ya wafalme. Hoja yake ni kwamba hapo mwanzo watu wote ndio waliokuwa wenyeji na mtawala alikuwa mgeni aliyefanya kazi kwa ajili yao. Baadaye mambo yakapinduliwa: mtawala akawa mwenyeji na watu wakawa wageni katika nchi yao. Aliichukua faida yake binafsi, akaiita maslahi makuu ya umma. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mujibu wa Huang, mgeni huyu alipopewa jembe alidai na shamba.

Hapa Huang anaongeza jambo ambalo walimu na wanafunzi hawana budi kulizingatia. Hakutosheka kuomba mfalme mwema. Aliuliza umma ukae wapi ili usikike, na jibu lake lilikuwa shule. Alitaka shule ziwe mahali pa kupima haki na batili hadharani, hata mfalme asithubutu kuamua peke yake lililo jema na lililo baya. Alipendekeza kuwa katika shule kuu ya taifa mfalme aende akae pamoja na wanafunzi, amsikilize mkuu wa shule akieleza makosa ya serikali bila ya kuficha. Katika wilaya, maofisa nao wafanye hivyo mara mbili kila mwezi. Basi kwa Huang umma haukuwa mali tu. Ulikuwa pia maneno yaliyosemwa mahali pa wazi na mtu asiyeadhibiwa kwa kuyasema.

Mwenzake wa zama hizo, Gu Yanwu, alikamilisha upande mwingine wa fikra hiyo. Aliona kuwa kila mtu kuipenda nyumba yake na kuwapenda watoto wake ni tabia isiyofutika, wala haifai kufutwa. Kazi ya siasa njema ni kuzikusanya hizo "si" za watu wote mpaka ziwe "gong". Mawazo haya yalikuwa mapya. Kabla yao, wanazuoni wengi walifundisha kuwa "si" ni uchafu wa moyo unaopaswa kuoshwa. Gu na Huang waliuona uchafu mahali pengine: kwa mtu mmoja anayewakataza wengine "si" zao ili ya kwake ipate nafasi ya kunenepa.

Fikra za karne mpya

Kitabu cha Huang hakikuenea sana mpaka mwisho wa karne ya 19, ambapo vijana waliotaka mageuzi walikichapisha kwa siri na kukigawa. Mmoja wao, Liang Qichao, alikimbilia Japani mwaka 1898 baada ya mageuzi kuzimwa. Huko, mwaka 1902, alianza kuandika mfululizo wa makala juu ya raia mpya. Alilalamika kuwa Wachina wamefundishwa sana uadilifu wa mtu kwa mtu, yaani wa baba na mwana, bwana na mtumishi, rafiki na rafiki, lakini hawakufundishwa uadilifu wa mtu kwa taifa lake. Mwenzake Yan Fu alitafsiri kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill juu ya uhuru, akakichapisha mwaka 1903. Hakukiita kitabu cha uhuru. Alikiita kitabu cha mpaka kati ya haki za kundi na haki za mtu binafsi. Kwa kuwa hakuna anayejua vyema mahali mpaka unapopita, jina hilo lingali zuri hadi leo.

Jambo la kutazamwa ni kwamba Liang hakusimama pale alipoanzia. Baada ya safari yake ya Marekani mwaka 1903, aliandika tena, mara hii juu ya uadilifu wa faraghani. Akasema kuwa uadilifu wa umma ni ule ule wa faraghani uliotandazwa zaidi. Asiyeaminika nyumbani hawezi kuaminika hazinani. Sun Yat-sen naye, baba wa jamhuri iliyozaliwa mwaka 1912, aliipenda mno ile fikra ya kale kwamba kilicho chini ya mbingu ni cha wote. Mara kwa mara aliiandika kwa brashi na kuwapa watu, nayo imechongwa katika lango la kaburi lake mjini Nanjing.

Lakini kuchonga neno langoni si sawa na kuliishi mtaani. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa elimu ya jamii, Fei Xiaotong, alieleza kuwa katika mji wa Suzhou mifereji mizuri ya maji ilijaa taka, kwa sababu ilikuwa ya wote. Hakuwalaumu watu wake kuwa waovu. Alisema kuwa Mchina wa kijijini anaiona jamii kama mawimbi ya duara yanayotokea jiwe linapotupwa majini. Yeye yuko katikati. Duara la kwanza ni nyumba yake, la pili ukoo, la tatu kijiji, na kila duara ni hafifu kuliko lililotangulia. Ukisimama ndani ya duara, yaliyo ndani yake ni "gong", na yaliyo nje hayakuhusu. Ndiyo maana ardhi ya ukoo iliweza kuitwa ya umma ingawa mtu wa ukoo wa pili hakupata hata kiganja cha mpunga wake. Anayeiibia nchi kwa ajili ya ukoo wake huenda akalala usingizi mzuri, akijiona mtu aliyejitolea. Ni yule yule mtu wa Jing, ambaye duara lake limeishia mpakani.

Sufuria moja

Mapinduzi ya mwaka 1949 yalitaka kulivunja tatizo hilo kwa pigo moja. Mwezi Agosti 1958 ilitangazwa kuwa vijiji viunganishwe kuwa makomuni ya watu, na hadi mwisho wa mwaka karibu wakulima wote wa Uchina walikuwa ndani ya makomuni yapata 26,000. Katika Kichina jina la komuni linaanza na neno lile lile "gong". Ardhi ikawa moja, na zana zikawa moja. Majiko ya nyumbani yakafungwa na watu wakala katika mabwalo. Sufuria za chuma zikakusanywa na kuyeyushwa katika matanuru ya vijijini ili nchi iongeze chuma chake. Ile zama ya heri ya vitabu vya kale ilionekana kana kwamba imefika.

Wengi waliingia kwa moyo mweupe, na haifai kuwadharau. Lakini maofisa walitangaza mavuno makubwa kuliko yaliyovunwa, kwa kuwa aliyetaja hesabu ya kweli alihesabiwa kuwa mtu wa "si" asiyetaka maendeleo ya wote. Serikali ikachukua nafaka kwa kufuata hesabu za uongo. Kati ya 1959 na 1961 njaa iliua watu ambao watafiti wengi huwakadiria kwa makumi ya mamilioni. Sufuria ya nyumbani ilikwisha kuyeyushwa, na ya bwaloni ilikuwa tupu.

Katikati ya mwaka 1959 waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, aliyekuwa amezuru vijiji vya kwao Hunan, alimwandikia Mwenyekiti Mao barua kueleza makosa aliyoyaona. Ilikuwa barua ya mtu kwa mtu. Mao akaisambaza kwa wajumbe wa mkutano uliokuwa ukifanyika Lushan, Peng akashutumiwa na kuondolewa madarakani, na baada ya hapo wachache walithubutu kuandika. Hebu tumkumbuke Huang Zongxi. Kila kitu kilikuwa kimefanywa cha umma isipokuwa kimoja, nacho ni mahali pa kusema. Ukweli uliowahusu watu wote ukabaki katika bahasha ya mtu mmoja.

Kisa cha mwisho ni cha kijiji cha Xiaogang, katika jimbo la Anhui. Mwishoni mwa mwaka 1978 wakulima 18 walikutana kwa siri wakatia sahihi na alama za vidole katika karatasi moja. Waligawana mashamba ya kikosi chao, kila nyumba ilime fungu lake. Waliahidi kuitolea serikali nafaka iliyowapasa. Waliahidi pia kuwa kama viongozi wao wangefungwa kwa kosa hilo, waliobaki wangewalea watoto wa wafungwa hadi wafike umri wa miaka 18. Mbele ya sheria ya wakati ule karatasi ile ilikuwa dhambi ya "si". Lakini tuipime kwa mizani ya Gu Yanwu. Fungu la nchi limewekwa kwanza, kama katika shamba la Mencius; kila nyumba imepata lake, kama katika kamusi ya Xu Shen; na watoto wa mwenzako ni wako, kama katika zama za heri. Umma uliofukuzwa bwaloni ulikuwa umejificha katika karatasi ile. Mavuno yakaongezeka, mpango wa namna hiyo ukaenea nchini, na katika miaka ya 1980 makomuni yakavunjwa.

Katiba ya Uchina ya leo inasema kuwa mali ya umma ni takatifu, na tangu mwaka 2004 inasema pia kuwa mali halali ya mtu binafsi haivunjwi. Ardhi ya mijini ni ya dola, ya vijijini ni ya jumuiya za wakulima. Mpaka ule wa Yan Fu unaendelea kutafutwa.

Tujifunze nini

Sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kuifuatilia habari hii. Mwalimu Nyerere alizuru China mara ya kwanza mwaka 1965. Kati ya 1970 na 1975 Wachina, Watanzania na Wazambia walijenga pamoja reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Sisi nasi tulijenga fikra yetu ya umma juu ya neno la nyumbani, "jamaa", na katika maandishi yake ya mwaka 1962 Mwalimu alitaka ujamaa usiishie katika ukoo wala kabila wala taifa, bali uwafikie wanadamu wote. Alikuwa akilifuta neno "Jing". Hatukuwa nakala ya China, na njaa kama ile haikutufika. Lakini wazee waliohamishwa kwa nguvu wakati wa kuanzisha vijiji, katika miaka ya 1973 hadi 1976, wanaweza kumwambia mwanafunzi jinsi jambo jema linavyobadilika linapoamriwa na mtu asiyeulizika.

Kwa maoni yetu, yako maswali matatu ya kumwuliza kila anayesema kwa jina la umma, naye awe mkubwa au mdogo. La kwanza: hao "wote" wako akina nani, na ni nani aliyeachwa nje ya duara? La pili: je, pana mahali ambapo mtu aweza kusimama akasema kuwa hesabu ni ya uongo, kisha akarudi nyumbani kwake salama? La tatu: aliyekalia kiti yuko tayari kukiacha kabla ya kumbeba wa kwake? Mchoyo aliyekiri uchoyo wake hana haja ya kuulizwa; tunamjua. Maswali haya ni ya yule anayetusihi tuzipe nafsi zetu kisogo huku yake ameielekeza mbele.

Mwalimu aweza kuanza kuyauliza darasani, na aanzie kwake mwenyewe. Wakati wa kusahihisha mitihani, daftari la mtoto wa ndugu lipo katika lundo pamoja na mengine. Kiranja aliyepewa kugawa vitabu naye ana rafiki zake. Huko ndiko "gong" inakoanzia au inakofia, na hakuna sheria ya nchi itakayoyaona yote hayo.

Shangazi yetu amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Deni lake tulilokuwa nalo lilikuwa la kweli, na ilitupasa kulilipa kwa mfuko wetu: kwa kumsomesha kijana wake, au kumpa nauli akatafute kazi kwingine. Tulililipa kwa mali isiyokuwa yetu. Mwenye ile barua nyingine, popote alipo, huenda alidhani hakufaa.